Bei ya Rupia Unguja

Mbwera, 5 Rajabu 1340
(mwezi wa Machi, 1922)

Kwa kaka yangu Sadala, Unguja.

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, natumai barua hii itakukuta mzima wa afya kama inavyoniacha mimi. Mama yuko kwake Ruaruke, hajambo, magoti tu ndiyo yanayomsumbua mvua zikianza. Ananiambia nikukumbushe ule msala uliomwahidi mwaka juzi, maana bado anausubiri. Mimi mwili wangu mzima. Ninalotaka kukwambia si la mwili.

Kaka, nataka kuachana na Mshamu.

Usishtuke ukaanza kuuliza kanipiga au kaninyima. Hajanipiga wala hajaninyima. Tangu tulipomzika Zamda wetu, mwaka wa pili huu, mume wangu hasemi na mimi. Anakwenda kukata mikoko wiki tatu, anarudi, anakula, anasali, analala. Nikimwuliza neno anatikisa kichwa. Unajua kwamba mimi ndiye niliyempakia mtoto mtumbwini siku ya mvua nimpeleke kwa mganga ng'ambo, homa ikamzidi njiani. Mshamu hajanilaumu kwa ulimi hata siku moja. Angenilaumu ningepata pa kumjibu. Nimechoka kuzungumza na vyungu.

Juzi tulikaa mbele ya Mwalimu Husseini. Nimeomba talaka ya kujivua, ile ya mke kurudisha mahari yake. Mshamu akasema, "Mie simzuii. Anirudishie rupia zangu sitini kabla ya Ramadhani, tuachane kwa wema." Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyoyasikia kwake mwaka huu. Rupia zenyewe unazikumbuka, ni zile za Mjerumani, ulizihesabu kwa mkono wako siku ya ndoa. Sikuzila. Mama alizitia chunguni chini ya kitanda chake na zipo zote.

Sasa boma limetangaza kuwa fedha ya Mjerumani inakufa, kila aliye nayo akaibadili, rupia moja kwa shilingi mbili. Mshamu anasema kwake ni mamoja, rupia sitini au shilingi mia na ishirini. Lakini baba hayupo, walii wangu ni wewe, na sitatoa kitu bila ya neno lako. Niandikie neno moja tu, "toa," nami nitatoa. Jibu mpe nahodha Mohamedi anayeleta boriti huko, ni mtu mwaminifu.

Ni mimi mdogo wako,
Mashavu


Unguja, 21 Machi 1922

Kwa mdogo wangu mpenzi Mashavu.

Waalaykum salaam. Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara tatu. Mimi sijambo, kazi yangu ni ile ile ya kuhesabu boriti bandani kwa tajiri, korja baada ya korja, hata usingizini nahesabu ishirini ishirini. Mwambie mama msala upo njiani.

Habari ya Mshamu imenisikitisha, lakini sikulazimishi kukaa. Mtu hakai na ukuta. Neno langu unalo, uachike kwa amani. Ila neno "toa" silisemi leo, na nitakueleza kwa nini. Baba alifanya vyema kutufundisha herufi sote wawili, lakini hesabu alinifundisha mimi peke yangu, sasa nisikilize.

Mjerumani alikuwa na rupia yake, akaigawa heller mia. Mwingereza alipomfukuza akaja na rupia ya Hindi, ambayo ukiitia mizanini na ile ya Mjerumani ni ndugu wa tumbo moja. Halafu akaleta fulorini. Hatujaizoea fulorini akaiua, akaleta shilingi, mbili kwa fulorini moja. Ndiyo maana huko bara wanahesabu rupia kuwa shilingi mbili. Ni amri ya serikali, haipandi wala haishuki.

Lakini Unguja ni nchi ya Sultani. Huku rupia ya Hindi haijafa, ndiyo tunayonunulia mpaka mchicha, na bei yake haiamriwi na mtu. Inatoka Bombei na Landani kwa simu ya upepo. Leo asubuhi madukani rupia moja ilikuwa shilingi moja na senti thelathini na tatu. Umeona? Rupia ile ile. Bara shilingi mbili, huku shilingi na theluthi.

Basi fanya hivi. Mama azipeleke rupia sitini bomani, apewe shilingi mia na ishirini. Nitumie kwa nahodha Mohamedi. Mimi nitanunulia rupia tisini za Hindi. Mshamu alisema anataka rupia sitini, tutampa rupia sitini, hakusema za mfalme gani. Thelathini zitabaki, ukianza maisha yako usiyaanze kwa kuomba chumvi kwa jirani. Usimpe kitu wala usimwambie kitu mpaka nikuandikie.

Kaka yako akupendaye,
Sadala


Mbwera, 28 Shaabani 1340
(Aprili, 1922)

Kwa kaka yangu Sadala.

Salamu sana, na za mama pia, na za Mwalimu Husseini. Sote hatujambo, tunangoja mwezi uandame.

Mama amekwenda bomani kwa miguu, siku mbili kwenda, siku mbili kurudi, na yale magoti. Karani alizipokea rupia hamsini na sita. Nne alizikataa kwa kuwa zilitobolewa zamani zikavaliwa shingoni. Shilingi mia na kumi na mbili nimemkabidhi nahodha Mohamedi mbele ya mashahidi wawili. Hizo nne zilizotobolewa mama amezirudisha chunguni, anasema zitafaa kwa mjukuu.

Kaka, mimi hili jambo silipendi. Juzi Mshamu alirudi kutoka mikokoni, akala, kisha akaniuliza, "Vipi?" Neno moja, lakini aliniangalia usoni. Ningeweza kumwambia ukweli, kwamba umeridhia na fedha iko njiani inazungushwa. Nikasema, "Kaka hajajibu." Akasema, "Haidhuru. Basi baada ya Ramadhani." Nimemdanganya mtu anayenipa njia kwa uungwana. Fanya haraka, tafadhali. Thelathini zako sizitaki kama zitanichelewesha.

Mdogo wako,
Mashavu


Unguja, 3 Juni 1922

Kwa mdogo wangu Mashavu.

Idi njema, Mungu atupe nyingine. Fedha imefika kamili, shilingi mia na kumi na mbili, nahodha Mohamedi hakuipunguza hata senti. Mimi sijambo ila mafua.

Usikasirike nikikwambia kwamba bado sijanunua. Kwa bei ya leo utapata rupia themanini na nne. Lakini madukani wanasema rupia inashuka, kabla ya mwezi kwisha itakuwa shilingi na robo, na hapo zitakuwa tisini kasoro kidogo. Rupia tano na ushei kwa kukaa tu! Watu huku wanapata majumba kwa kungoja bei, na sisi hatuombi jumba. Mvumilie Mshamu wiki chache. Miaka sita umekaa naye, mwezi utakuua? Haraka haraka haina baraka.

Kaka yako,
Sadala


Mbwera, 2 Mfungo Tatu 1340
(mwisho wa Julai, 1922)

Kaka Sadala,

Salamu. Sisi wazima.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, hilo nalo baba alitufundisha. Mshamu ameniuliza tena, mara mbili. Mara zote mbili nimesema kaka hajajibu. Mwalimu Husseini amenisimamisha njiani akaniuliza kama nachezea kikao chake. Sina uso wa kumtazama.

Jana Mshamu amekwenda kukata. Alipokuwa anapakia shoka alisema, "Nikirudi tutazungumza." Sijui amechoka kungoja sasa atadai zaidi. Nunua rupia kwa bei yoyote. Nunua kwa bei mbaya. Nataka sitini tu, hizo nyingine kula wewe.

Mashavu


Unguja, 30 Agosti 1922

Kwa mdogo wangu Mashavu.

Salamu nyingi. Natumai hamjambo.

Nimenunua. Rupia haikufika shilingi na robo. Ilishuka kidogo, nikasema ngoja, ikapanda, nikasema itashuka, ikapanda tena. Mwisho nimenunua kwa shilingi moja na senti thelathini na tatu, bei ile ile ya siku fedha yako ilipofika. Nimepata themanini na nne. Nakuletea sitini kwa nahodha Mohamedi, zimefungwa katika kitambaa chekundu. Ishirini na nne nimekuwekea hapa, utaniambia nizifanyie nini.

Mpe haki yake mbele ya Mwalimu Husseini, uchukue talaka yako, uende kwa mama. Nisamehe kwa kuchelewa. Nilidhani nakufanyia jema.

Kaka yako,
Sadala


Mbwera, 20 Mfungo Nne 1341
(Septemba, 1922)

Kwa kaka yangu Sadala.

Salamu. Rupia sitini zimefika juzi. Mimi mzima wa mwili.

Mshamu ameangukiwa na mti. Alikuwa peke yake upande ule wa mkondo, mkoko ukamlalia kiunoni, akakaa matopeni mpaka maji yalipojaa na wenzake wakamkuta yamemfika kidevuni. Walimleta kwa mtumbwi siku ya pili. Kuanzia kiunoni kushuka hajui kama ana miguu. Mganga wa hospitali amemwona akasema mgongo umevunjika na hautaunga.

Nilikwenda kitandani kwake na kile kitambaa chekundu. Sikujua nifanye nini nacho, kwa hiyo nilikiweka juu ya mkeka nikakifungua. Alizitazama zile rupia. Akasema, "Zimekuja. Mwite Mwalimu, nikuache." Kaka, alisema bila hasira, kama mtu anayerudisha jembe la jirani. Nikamwambia, "Usiseme." Akasema, "Weye ulitaka." Nikamwambia tena, "Usiseme, Mshamu."

Mama yake haoni. Ndugu zake wako Kilwa. Nikitoka, nani atamgeuza, nani atamwosha? Mwezi wa Shaabani ningetoka mchana kweupe, na yeye angenisindikiza mpaka pwani. Leo nikitoka nitatoka kama mwizi, hata kama sheria iko upande wangu. Basi nimekaa. Mwambie tajiri wako, na watu wa madukani, rupia imepanda.

Mashavu


Unguja, 15 Oktoba 1922

Mdogo wangu Mashavu,

Salamu. Sijui niandike nini na hata hivyo nimekaa kuandika.

Nimelia bandani mbele ya wapagazi. Ningesema "toa" mwezi wa Machi, ungekuwa Ruaruke kwa mama sasa hivi. Neno lenyewe lina herufi tatu, nami nikakuandikia ukurasa mzima wa fulorini.

Nakuomba uondoke. Mimi nitalipa mtu wa kumhudumia, nimeongezewa mshahara, Mungu hatakuuliza. Kosa ni langu, kwa nini ulitumikie wewe? Nijibu, tafadhali, hata kwa kunitukana.

Kaka yako,
Sadala


Mbwera, 11 Rajabu 1345
(Januari, 1927)

Kwa kaka Sadala.

Salamu. Natumai u mzima, wewe na mkeo Zabibu na watoto. Barua zako zote nimezipata, na hii ya Idi pia. Sikujibu kwa kuwa kila nilipokaa kukujibu nilikuwa na jambo la kufanya, kuchemsha maji, kugeuza godoro, na nikimaliza hasira ilikuwa imepoa na sina la kusema.

Mama amefariki Ijumaa, tumemzika Ruaruke kando ya baba. Hakuumwa sana. Msala wako alisalia mpaka siku ile.

Umeniuliza kuhusu zile rupia sitini. Zilikwisha zamani, kwa dawa na kwa mafuta ya kumchua. Ishirini na nne ulizoweka usiniulize tena. Mshamu anakusalimu. Siku hizi anazungumza, mgongo umekufa ulimi umefufuka. Husuka mikeka akiwa amelala, nami nauza. Huzungumza habari za Zamda, alivyokuwa akimwita kaa wa matopeni "babu." Zamani nilikuwa nikidhani amemsahau.

Mdogo wako,
Mashavu


Unguja, 11 Januari 1936

Kwa mdogo wangu Mashavu.

Assalaam alaykum. Natumai mmefunga na kufungua salama, na Mshamu hajambo. Mimi macho yanafifia, nimepewa miwani. Zabibu na watoto wanakusalimu.

Nakuandikia kwa sababu rupia imekufa na huku pia. Tangu mwaka mpya wa Kizungu, Unguja ni shilingi tu kama bara. Watu wamepanga foleni kubadili, wazee wanaleta rupia zenye kutu, na kila moja inapewa shilingi moja na nusu, kwa amri, haipandi wala haishuki. Nami nilipanga foleni na zako ishirini na nne. Miaka kumi na minne zimekaa katika kopo na sikuthubutu kuzigusa, hata nilipokuwa na njaa. Nimepewa shilingi thelathini na sita.

Nilipokuwa kwenye foleni nilijiuliza nimekuambia ukweli wote au la. Sikukuambia. Zile thelathini nilizozipigia hesabu mwaka ule, nilikusudia nusu yake iwe yangu. Nilikuwa nataka kuoa, na sikuwa na mahari. Ndiyo maana nilingoja bei, haikuwa kwa ajili yako peke yako. Majuto ni mjukuu, Mashavu, na wangu amekuwa mtu mzima ananikalia mbele.

Nahodha Mohamedi amekufa, kwa hiyo shilingi anazileta mwanawe. Usizirudishe.

Kaka yako mwenye makosa,
Sadala


Mbwera, 20 Mfungo Pili 1354
(Februari, 1936)

Kwa kaka yangu Sadala.

Waalaykum salaam. Salamu kwa Zabibu na watoto. Mimi sijambo, niko ndani, nakaa eda. Mshamu amefariki tarehe tatu ya mwezi huu. Vidonda vya mgongo vilimwingia homa, hakukaa wiki.

Shilingi zako thelathini na sita zilifika siku mbili kabla. Zimenunua sanda na mchele wa matanga, na zikatosha. Mungu akulipe kwa hilo.

Uliyoniandikia kuhusu nusu yako nimeyasoma. Nilishajua. Hakuna mtu anayewaka hivyo kwa rupia za mwenziwe. Nilikusamehe siku nyingi, ila kuna jambo ambalo nami nililijua juzi tu, na nitakuandikia kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia.

Asubuhi moja kabla hajazidiwa nilikuwa namnywesha uji. Akasema, "Ile miti niliyokuwa nakata, weye unajua ya nini?"

Nikasema, "Ya tajiri wa Nyamisati. Ya nini nyingine?"

Akasema, "Ya nyumba. Nilikwenda kukata boriti za nyumba yako. Nilikuuliza mara ya kwanza, ukasema kaka hajajibu. Nikakuuliza tena, ukasema kaka hajajibu. Mohamedi kila mwezi anakwenda Unguja na kurudi, barua ikose kufika? Nikasema moyoni, huyu hataki kwenda, anaona haya kurudisha maneno yake. Basi nikasema nitajenga nyumba mpya, hii yenye msiba wa mtoto tuihame, na nikirudi nitamwambia. Mie kusema nilikuwa siwezi. Nilidhani nyumba itasema."

Nikamwuliza kwa nini miaka yote hiyo amelala mbele yangu na hakuniambia. Akasema, "Ulipozileta zile rupia nilijua kumbe ulikuwa unazingoja. Ningekuambia, ungekaa kwa kunihurumia mara mbili."

Kaka, nililia mbele yake mpaka uji ukapoa. Sikumwambia kwamba nilikuwa nazingoja kweli. Sikumwambia pia kwamba sikuzingoja, maana ungekuwa uongo wa nne, na yeye alikuwa amekwisha kulipia zile mara tatu. Ungeniuliza leo kama ningekaa laiti angesema, nisingejua la kukujibu. Yeye hakusema na mimi sikumwuliza, na wewe ulikuwa unahesabu.

Njoo arobaini kama miwani yako inakuruhusu kusafiri. Usilete kitu.

Eda yangu itakwisha mwezi wa Maulidi. Baada ya hapo nitakuwa huru, sina wa kumwomba ruhusa wala wa kumrudishia mahari. Watu wananiuliza nitakwenda wapi, Ruaruke kwenye shamba la mama au huko kwako Unguja. Nimefikiri sana, na mahali pekee ninapopataka ni katika ile nyumba ambayo haikujengwa.

Ni mimi mdogo wako,
Mashavu, mjane wa Mshamu